Dawa ya Deni Kulipa: Zaka Si Suala la Moyo

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa sadaka ya hiari methali hiyo haina kasoro. Ikiletwa kwenye zaka, fungu la mali ambalo dini imemlazimisha Mwislamu mwenye uwezo alitoe, inatupoteza njia, kwa sababu anayetoa kwa moyo anaweza pia kuacha kwa moyo: leo ameguswa, kesho hakuguswa. Zaka haimngoji mwenye mali aguswe. Methali inayoihusu ni nyingine, fupi na kavu: dawa ya deni kulipa.

Angalia tunavyowazungumzia wanaoitoa. "Fulani mkarimu sana, kila mwaka anatoa zaka." Mbona hatumsifu mtu kwa ukarimu anapolipa kodi ya nyumba aliyopanga? Tunaona katimiza lililompasa, basi. Aliyelipa zaka naye katimiza lililompasa, na thawabu zake ziko kwa Mola wake. Lakini tukimvisha joho la ukarimu tunampa pia ruhusa asiyostahili, ya kuchagua wakati, kiasi, na nani amwangukie miguuni.

Lugha ya Qur'ani yenyewe imekaa kisheria zaidi kuliko kihisia. Sura Al-Maarij, aya ya 24 na 25, inawataja watu ambao katika mali zao mna haki maalumu kwa anayeomba na anayejizuia kuomba. Maneno mawili hapo yanatosha kumnyima mtu usingizi. Haki ina mwenyewe. Na ikiwa maalumu, ina kipimo, haikadiriwi kwa jicho. Kisha aya ya 60 ya Sura At-Tawba inaorodhesha makundi manane yanayostahiki: mafakiri, masikini, wanaoitumikia zaka yenyewe, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, kuwakomboa watumwa, wenye madeni, njia ya Mwenyezi Mungu na msafiri aliyekwama. Inamalizia kwa kusema kuwa hiyo ni faradhi itokayo kwa Mwenyezi Mungu. Kwa Kiarabu, makundi manne ya mwanzo yametanguliwa na herufi lamu, ambayo wanazuoni wa Shafi, mojawapo ya madhehebu manne ya sheria ya dini, waliisoma kuwa ni lamu ya umiliki. Kwa usomaji huo, hauli (mwaka mzima) ikishapita juu ya mali iliyofika nisabu (kiwango cha chini kinachowajibisha zaka), fungu la fakiri limo tayari ndani ya mali ya tajiri, na tajiri kalishika tu kama anayeshika amana ya mtu aliyesafiri.

Ndiyo maana tukio la mwaka wa 11 Hijria lilikuwa zito. Mtume (S.A.W.) alipofariki, baadhi ya makabila ya Uarabuni yalisema yataswali lakini zaka hayatoi tena. Umar bin Khattab (R.A.) aliona tabu kuwapiga vita watu wanaotamka shahada. Abubakar (R.A.), khalifa wa kwanza, akajibu kwamba atapigana na yeyote atakayetenganisha swala na zaka, na kwamba wakimnyima hata mwanambuzi waliyekuwa wakimtoa kwa Mtume atawapiga vita kwa ajili yake. Katika riwaya nyingine alitaja kamba ya kufungia ngamia. Kamba! Hakuna hazina inayoyumba kwa kukosa kamba. Alichokuwa akikilinda ni kanuni kwamba haki ya mnyonge haiwi hiari ya mwenye nguvu. Umar alikuja kukiri kuwa msimamo huo ndio uliokuwa wa haki.

Sasa, deni lisilohesabiwa halilipiki, na hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka hata kabla ya kutoa chochote. Mimi mwenyewe kwa miaka kadhaa nilikuwa nakisia. Ramadhani ikifika natazama kilichopo, natoa kiasi ambacho nafsi haikioni kikubwa, nasema Mwenyezi Mungu apokee. Sikuwa nimeandika popote siku ambayo mali yangu ilifika nisabu. Rafiki mmoja aliponiuliza hauli yangu inatimia lini, nikamjibu "Ramadhani," akacheka: "Hiyo ni ya umma mzima, bwana. Nakuuliza yako." Mali bila daftari hupotea bila habari, na zaka ndiyo sehemu ya mwanzo kupotea.

Hesabu yenyewe si ngumu kiasi cha kumshinda mtu aliyewahi kuuza na kununua. Nisabu ya dhahabu ni dinari 20, takriban gramu 85. Ya fedha ni dirhamu 200, takriban gramu 595. Mali ya pesa taslimu na ya biashara hutolewa asilimia 2.5 baada ya mwaka wa mwandamo kupita. Mfanyabiashara hukusanya pamoja pesa zake, bidhaa zake kwa bei ya siku ile ya hesabu (wala si bei aliyonunulia), na madeni anayotarajia kulipwa. Mazao yanayonyeshewa na mvua hutolewa asilimia 10, na yaliyomwagiliwa kwa gharama asilimia 5, siku ya kuvuna, yakifika wasaki 5, ambazo ni kama kilo 650. Mbuzi au kondoo 40 hutoa mmoja, ng'ombe 30 hutoa ndama wa mwaka mmoja, ngamia watano hutoa mbuzi mmoja. Tazama namna kiwango kinavyofuata jasho la mtu: mvua ikikusaidia unatoa mara mbili ya yule anayeteka maji.

Tazama pia kisichohesabiwa. Nyumba unayoishi haimo. Chombo unachosafiria hakimo. Cherehani ya fundi na jembe la mkulima havimo. Zaka haigusi nyenzo za kutafutia riziki, ila inaigusa mali iliyolala. Ukiweka 100 pembeni bila kuzizungusha na ukawa unatoa zaka kila mwaka, baada ya miaka 10 utabaki na kama 77 na kitu, na zaka ya mwaka wa 28 ikishatoka itakuwa imebaki chini ya nusu. Imepokewa kutoka kwa Umar kwamba walezi wa mayatima wazifanyie biashara mali za mayatima hao zisije zikaliwa na zaka. Ukilitafakari agizo hilo utaona kwamba zaka inampa mwenye mali sababu ya kuifanyisha kazi, na mali ikifanya kazi kuna anayeajiriwa, kuna anayeuza, kuna anayebeba. Watu wanaoilinganisha na kodi ya mapato hulipita jambo hili. Kodi ya mapato humdai anayehangaika, mrundikaji asiyeingiza kitu ikamwacha. Zaka inamfuata mrundikaji huko huko aliko.

Lugha yetu ina kitendawili chake hapa. Tukisema "fedha" tunakusudia madini meupe na tunakusudia pesa, na ni kwa sababu zamani vilikuwa kitu kimoja. Zama za Mtume dinari 20 za dhahabu na dirhamu 200 za fedha zilikaribiana thamani, kwa hiyo mtu akitumia nisabu hii au ile anafika palepale. Leo dhahabu imeipita fedha makumi ya mara kwa uzito sawa, na nisabu mbili zilizokuwa ndugu zimekuwa mbali mno. Ukipima pesa zako kwa fedha, utaingia kwenye orodha ya watoaji na mali ndogo sana. Ukipima kwa dhahabu, unaweza kuwa nje ukiwa na mali mara kadhaa ya hiyo. Wanazuoni wanaochagua fedha wanasema inamnufaisha fakiri zaidi. Wanaochagua dhahabu wanasema thamani yake haijaporomoka kama ya fedha, na kwamba haifai kumdai zaka mtu ambaye naye karibu astahiki kupewa. Mimi nawaelewa wa pili. Lakini nina shaka na mtu ambaye anachagua kipimo kila mwaka upya, kwa kuangalia ni kipi kitamtoa kwenye deni mwaka huo. Huyo hatafuti fatwa, anatafuta mlango wa nyuma.

Mlango mwingine wa nyuma, ambao wengi hupita bila kujua, ni kalenda. Mwaka wa mwandamo una siku kama 354, kumi na moja pungufu ya mwaka wa jua. Mwenye biashara anayefunga hesabu zake mwisho wa Desemba na kutoa asilimia 2.5 hiyo hiyo anachelewa siku kumi na moja kila mwaka. Katika miaka kama 33 atakuwa ameruka zaka ya mwaka mzima. Wenye hesabu za kampuni huifidia kwa kutoa asilimia 2.577 badala ya 2.5. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, ila ni haki ya mtu.

Yote haya ni upande wa mtoaji. Hata tunapokuwa waangalifu hapo, upande wa mpokeaji tunaufanyia ovyo, na hili ndilo hasa lililonifanya niandike.

Septemba 2008, katika Ramadhani, wanawake 21 walikufa mjini Pasuruan, Indonesia, katika msongamano wa kupokea zaka iliyokuwa ikigawiwa nyumbani kwa familia moja tajiri. Kila mmoja angepata rupia 30,000, pesa za kumalizika siku moja au mbili. Aprili 2023, siku za mwisho za Ramadhani, watu zaidi ya 70 walikufa mjini Sana'a, Yemen, walipokanyagana kwenye ugawaji wa msaada wa wafanyabiashara. Sitaki kuwatuhumu waliogawa. Huenda nia zao zilikuwa safi kuliko zangu. Ila hebu turudi kwenye neno haki. Mwenye deni hamwiti anayemdai apange foleni juani tangu alfajiri. Humpelekea.

Foleni ina ubaya mwingine usioua mtu. Inawapata hodari wa kusukumana na wasioona haya, na inawakosa wale ambao aya ya 273 ya Sura Al-Baqara imewasifu, ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia, na hawawaombi watu kwa kung'ang'ania. Mjane aliyezoea kuheshimiwa hatakwenda kwenye foleni. Mwalimu aliyeacha kulipwa mshahara hatakwenda. Wao ndio wenye fungu, nalo limegawiwa hadharani wao wakiwa ndani.

Na kinachogawiwa ni nini? Tajiri mmoja anachukua zaka yake, ambayo pengine ingemtoa mtu mmoja au watatu kwenye umasikini, anaikatakata vipande mia tano ili wengi wapate. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikigawiwa haba haba hakimjazi mtu. Mwaka unaofuata ni wale wale mia tano, wamezeeka kidogo.

Wanazuoni wa kale hawakuiona zaka hivyo. Katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Qabisa bin Mukhariq, aliyemwendea Mtume akiwa amebeba dhamana ya deni. Akaambiwa kuomba ni halali kwa watu watatu: aliyebeba dhamana kama yeye, aliyepatwa na balaa lililofagia mali yake, na aliyefikwa na ufukara hadi watu watatu wenye busara katika jamaa zake wakashuhudia. Huyo aliyepatwa na balaa na yule aliyeshuhudiwa ufukara, kila mmoja ana haki ya kuomba mpaka apate kinachomsimamisha kimaisha. Hadithi hiyo ina mambo mawili tuliyoyaacha. La kwanza ni uchunguzi: watatu wanaomjua, na wenye akili, hawakutajwa wa kupiga picha. La pili ni kikomo cha kupewa, ambacho ni kusimama.

Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliieleza kwa undani katika vitabu vya Shafi. Mwenye ufundi apewe cha kununulia zana za ufundi wake, chache au nyingi, ziwe na thamani ndogo au kubwa. Mfanyabiashara apewe mtaji unaolingana na biashara aliyoizoea. Asiye na ufundi wala biashara apewe kinachoweza kumtosheleza umri wa kawaida wa watu kama yeye, kwa mfano kununuliwa mali itakayokuwa ikimwingizia. Wanazuoni wa Maliki na wa Hanbali kwa jumla wamepima kwa mahitaji ya mwaka mmoja. Wa Hanafi walichukia mtu mmoja apewe kiasi cha nisabu au zaidi, isipokuwa kama ana deni au familia ya kuilisha. Wametofautiana, naam, lakini tafuta katika madhehebu hayo manne aliyesema lengo ni kumpa fakiri cha siku moja, arudi kesho. Kuna kauli inayonasibishwa kwa Umar bin Khattab: mkitoa, tajirisheni.

Najua jibu litakalokuja: "Shehe, wahitaji ni wengi, nitampa vipi mmoja nimwache mwenziwe analia?" Ni swali la haki na silijibu kwa wepesi. Mtu mmoja peke yake hawezi kulijibu, na hiyo ndiyo hoja. Aya ya 60 ya At-Tawba imewawekea fungu wanaoitumikia zaka: wakusanyaji, waandishi, wagawaji. Mshahara wao umo ndani ya maandiko, ishara kwamba kazi hii ilitarajiwa iwe na ofisi, si mfuko wa kanzu. Mtume alipomtuma Muadh bin Jabal Yemen alimwambia awafundishe kuwa Mwenyezi Mungu amefaradhisha zaka inayochukuliwa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafakiri wao. Inachukuliwa, inarudishwa: katikati kuna mtu mwenye wajibu. Papo hapo akamwonya asichukue mali zao zilizo bora zaidi, na aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwa sababu baina yake na Mwenyezi Mungu hapana pazia. Onyo hilo halikuwalenga matajiri. Lilimlenga mkusanyaji.

Na mkusanyaji ndiye kikwazo cha leo. Pakistan ilijaribu mwaka 1980, chini ya Jenerali Zia ul-Haq: sheria ikaamuru zaka ikatwe moja kwa moja kwenye akaunti za akiba benki, siku ya kwanza ya Ramadhani. Waislamu wa Shia waliandamana mwaka huo huo, kwa kuwa fiqhi yao (sheria ya dini) ya zaka ni tofauti, wakapewa msamaha. Wengine wakajifunza kutoa pesa zao benki siku chache kabla ya mwezi kuandama. Watu hao hao wengi wao walikuwa wakitoa zaka kwa mikono yao. Hawakuikataa zaka, walimkataa anayeishika. Nguvu ya dola bila imani ya watu ilizalisha ukwepaji, na mimi sioni kama kuongeza nguvu kungesaidia. Malaysia nayo imekwenda njia nyingine, majimbo yakiwa na taasisi zake za kukusanya, na mtu akilipa zaka anapunguziwa kodi ya mapato kwa kiasi kile kile. Angalau mlipaji anapata risiti.

Risiti! Nadhani kamati nyingi za misikiti zingeamka siku moja zikakuta zaka imezidi maradufu kama zingefanya jambo dogo hilo tu: kuandika kilichoingia, kilichotoka, kimekwenda katika kundi lipi kati ya manane, na kubandika ukutani bila majina ya waliopewa. Wachache wanafanya. Wengine wakiulizwa wanakasirika, kana kwamba kuuliza ni kuwatuhumu wizi. Kuna pia tabia ya kulitanua fungu la njia ya Mwenyezi Mungu hadi likaingiza rangi ya jengo na mazulia mapya. Wanazuoni wengi wa kale hawakuruhusu zaka ijenge msikiti. Baadhi ya wa zama hizi wameipanua maana, na wana hoja zao, lakini fungu la kundi moja likitanuliwa mno kuna makundi saba yanabanwa, na kwa kawaida fakiri ndiye hubanwa wa kwanza kwa kuwa hayumo kwenye kamati.

Husimuliwa sana habari ya Umar bin Abdulaziz, khalifa wa mwaka 717 hadi 720, kwamba mtumishi wake Yahya bin Said alikusanya zaka Afrika ya Kaskazini akakosa fakiri wa kumpa, akanunua watumwa akawaacha huru. Tunaisimulia kama hadithi ya baraka, tukimaliza tunashusha pumzi. Mimi huvutiwa na sehemu isiyosimuliwa: kwamba kuna mtu alizunguka kutafuta. Huwezi kusema hukumpata fakiri kama hukutoka kumtafuta.

Halafu Ramadhani. Nimeitaja mara kadhaa na sina ugomvi nayo. Anayetimiza hauli yake mwezi wa Rajabu akaichelewesha zaka mpaka Ramadhani apate thawabu nyingi anachezea mali ya watu, kwani kwa wanazuoni wengi zaka ikishawajibika haifai kucheleweshwa bila udhuru. Kuitanguliza inaruhusiwa, Mtume alimruhusu ami yake Abbas aitangulize. Kwa hiyo anayeipenda Ramadhani atangulize, na anayetaka kumpa mtu kidogo kidogo kila mwezi aanze kabla ya hauli yake kutimia, akamilishe siku ile. Njaa ya mwezi wa Safar na ya Jumada nayo ni njaa.

Kama zaka ni deni, lazima tuulize pia linakwenda wapi mdaiwa akifa. Kwa mujibu wa Shafi na Hanbali, zaka ambayo marehemu hakuitoa hutolewa katika mali yake kabla ya warithi kugawana, awe ameusia au hakuusia. Wa Hanafi wanasema haitolewi ila kama aliusia, na dhambi inabaki naye. Katika vikao vya mirathi nilivyowahi kuhudhuria, watu huuliza madeni ya dukani, ya benki, ya majirani. Kikao kimoja kijana alinyoosha mkono akauliza kama marehemu baba yake alikuwa akitoa zaka ya mzigo wa dukani. Watu wakatazamana. Ami yake akasema, "Alikuwa mtu wa kutoa sana, kila mtu anajua." Kijana akauliza tena, miaka mingapi, na kiasi gani. Likaletwa daftari la duka, likafunguliwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mlikuwa na majina ya waliokopa sukari.